Kabla ya kuchora ukumbi, nioneshe ngazi zako

"Nina miaka 27. Nimemaliza masomo ya usanifu majengo na sasa nafanya kazi Kampala chini ya msanifu aliyesajiliwa. Nyumbani kwetu ni Busia, upande wa Uganda. Mama yangu yumo katika SACCO ya wanawake wanaofanya biashara za mpakani. Wamenunua ploti ya futi 50 kwa 100, uso wake unatazama barabara upande wa magharibi, na majirani wa kushoto na kulia wanaweza kujenga wakati wowote hadi mpakani. Wanataka jengo la chini na ghorofa mbili juu: maduka, vyumba vya kupanga, ofisi ya SACCO, ukumbi wa mikutano na harusi, na mahali pa kuacha watoto wadogo mama zao wakiwa sokoni. Nilichora ua wa wazi katikati ya jengo, kamati ikasema ua ni pesa iliyotupwa. Wao wanataka maduka yajaze ploti yote. Niliitisha mkutano niulize jamii inataka nini, kila mtu akasema lake, mwisho mwenyekiti akatangaza kwamba wote tumekubaliana. Naogopa kuzaa jengo kama yale tunayoyaona mijini, chini watu wanasukumana na juu kumefungwa kufuli. Tena mimi ni mdogo, na ni binti yao. Nianzie wapi?"

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani unauliza namna ya kuutetea ule ua wako mbele ya kamati. Niliporudia nikaona unauliza jambo kubwa zaidi: utajuaje kwamba jengo litatumika kama ulivyokusudia, siku ambayo wewe umeshaondoka na funguo ziko mikononi mwa watu wengine? Hilo ndilo nitakalojibu, na ua tutaufikia njiani.

Kwanza niondoe dhana moja ambayo vyuo vyetu huipanda bila kujua. Jengo la jamii si lazima liwe la udongo na mianzi, na si lazima lifadhiliwe na wageni. Akina mama waliochanga shilingi kwa shilingi wakanunua ploti mpakani ni jamii kuliko jamii nyingi zinazochorewa majengo. Wakisema wanataka kodi ya kila mwezi, usisikie uchoyo. Bila kodi, ule ukumbi hauna atakayeupaka rangi baada ya miaka minne. Kazi yako si kuilinda jamii dhidi ya biashara. Kazi yako ni kuvipanga viwili hivi ili kila kimoja kimlishe mwenzake.

Sasa hizo ghorofa zenye kufuli. Kwa nini juu hufa? Miaka mingi nyuma nilishiriki kuchora soko la ghorofa katika mji mmoja ambao sitautaja. Tulipanga vibanda vizuri, hewa ikapita, mwanga ukawa wa kutosha. Mwaka haujaisha, wauza mboga wa ghorofa ya kwanza walikuwa wamerudi chini, wamepanga nyanya zao kwenye gunia kando ya mfereji, mbele ya jengo lao wenyewe. Watu wa ofisini walisema wale akina mama ni wakaidi. Mimi nilikaa pale siku tatu nikitazama, nikaona kwamba hawakuwa wakaidi hata kidogo. Mteja wa nyanya hununua akipita. Anatoka kazini, anakwenda kwenye steji ya boda boda, jicho lake linaangukia fungu la nyanya, anainama. Hakuna anayepanda ngazi 20 kwa ajili ya nyanya. Tena ngazi zetu zilikuwa nyuma, kando ya vyoo, kwa sababu hapo ndipo nafasi ilipobaki baada ya kugawa vibanda. Kosa lile lilikuwa letu sisi tuliochora.

Tangu siku ile kila kijana anapoleta kwangu michoro ya jengo lenye matumizi mengi, sitazami sura ya mbele wala ukumbi. Namwambia anioneshe ngazi. Zinaanzia wapi, nani anaziona akiwa barabarani, nani anakutana na nani pale katikati, saa nne usiku zimefungwa na nani, na moto ukiwaka kwenye duka la chini moshi unaelekea wapi. Mwanafunzi akinijibu hayo, najua kwamba jengo analo. Asipoweza, ana vyumba vilivyorundikwa tu.

Basi tuanze na ngazi zako. Tuseme kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3.3. Ukigawa kwa vidato vyenye kimo cha milimita 165 unapata 20, yaani mikono miwili ya kupanda, kila mmoja vidato 10. Kina cha kukanyagia kikiwa milimita 280, na kidato cha mwisho kikiwa ni sakafu yenyewe, kila mkono ni mita 2.5 na kidogo. Ongeza mapumziko mawili, yaani sakafu ndogo za mwanzo na mwisho wa mkono, ya mita 1.5, na upana wa mita 1.5 kwa kila mkono, utaona ngazi nzuri inakula kama mita 3.2 kwa 5.5. Hapo ndipo kamati itakapopiga kelele, kwa sababu upana wa ploti yako ni mita 15, yaani maduka matano ya mita tatu tatu yanayotazama barabara, na mimi ninakuambia duka moja kati ya hayo lifanywe mlango mkubwa wa ngazi na njia ya kwenda nyuma.

Usijibizane nao kwa lugha ya usanifu. Hawa ni watu wa hesabu, wapigie hesabu. Waulize majirani wanalipa kodi kiasi gani, halafu mkae mkokotoe pamoja. Nitatoa mfano wa kufundishia tu: tuseme duka la mbele ni shilingi 400,000 kwa mwezi, na vyumba vya juu ni 12, kila kimoja 150,000. Juu panaleta 1,800,000. Ngazi zikijificha nyuma kwenye kiza, vyumba vinne vikakosa wapangaji, umepoteza 600,000 kila mwezi ili uokoe 400,000. Akina mama wa mpakani wataielewa hesabu hiyo kabla hujamaliza kuiandika.

Halafu chagua kwa makini kinachopanda juu. Kinachonunuliwa kwa kupita kibaki chini: vyakula, vocha na pesa za simu, vitenge, sabuni. Kinachotafutwa kwa jina kinaweza kupanda: fundi cherehani ambaye wateja wake wanamfahamu, saluni ya kusuka, wakili, ofisi ya wakala wa forodha. Mtu anayekwenda kwa fundi wake atapanda. Anayehitaji huduma na hawezi kupanda, usimlazimishe. Njia ya mteremko inayofaa kiti cha magurudumu inataka mita 12 za urefu kwa kila mita moja ya kwenda juu. Kuinuka milimita 450 hadi kwenye baraza ni mita 5.4, hilo linawezekana. Kuipanda ghorofa nzima ya mita 3.3 ni karibu mita 40 bila kuhesabu mapumziko, na ploti yako ina kina cha mita 30. Kwa hiyo dirisha la SACCO la kuweka na kutoa pesa, chumba cha watoto, na ukumbi vyote viwe chini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 iko upande wako hapa, lakini hata isingekuwepo, bibi aliyeweka akiba yake miaka 15 hastahili kupelekewa fomu ya kutia kidole barabarani kwa sababu hawezi kupanda.

Na usiku? Hapa ndipo majengo ya mchanganyiko yanapoua watu, na ninalisema bila kupunguza makali. Wenye maduka hufunga geti la chuma saa moja jioni. Wapangaji wa juu wanapita wapi? Katika majengo mengi yenye vijiduka wanapita geti lile lile, ufunguo uko kwa askari, na madirisha yote yana nondo. Duka la magodoro au la mafuta ya kupikia likishika moto, ngazi hugeuka bomba la moshi. Hewa moto hupanda, huvuta nyingine chini yake, na watu wa juu hukosa pumzi kabla hawajaona moto wenyewe. Kwa hiyo wapangaji wawe na mlango wao ambao aliye ndani anaweza kuufungua bila ufunguo, ngazi za mbele zitengwe na maduka kwa ukuta wa matofali na mlango unaojifunga wenyewe, na pawe na ngazi za pili upande wa nyuma, hata zikiwa nyembamba, zikishukia mahali pa wazi penye njia ya kutokea. Kamati ikikata ngazi za pili ili kuokoa pesa, kataa. Mambo mengi unaweza kuwaachia waamue wao, hili usiwaachie.

Tuje kwenye ua. Kamati wanaona shimo katikati ya jengo lao. Wewe unaona jamii imekaa kivulini. Mimi ningewaonesha kiza. Mwanga wa dirisha la kawaida, ambalo ukingo wake wa juu uko mita 2.4 kutoka sakafuni, huingia ndani vya kutosha kwa mita tano au sita tu. Umeniambia majirani watajenga hadi mpakani, kwa hiyo pembeni usitegemee kitu. Ploti ina kina cha mita 30. Mwanga wa mbele unakula mita sita, wa nyuma sita. Katikati zinabaki mita 18 ambazo mchana kutwa zitawashwa taa, na joto la ndani halina pa kutokea. Nani atapanga duka humo? Atapanga mtu wa stoo, kwa kodi ya stoo. Sasa weka ua wa mita 6 kwa 8. Ni mita za mraba 48 kati ya 450, sehemu moja ya kumi na kidogo, na zile mita 18 zinapata macho. Vyumba vya juu navyo vinapata madirisha pande mbili, hewa inapita. Ua ndio unaofanya sehemu kubwa ya ploti ipangishike.

Kama wanataka kuona kwa macho, wapeleke Jinja, si mbali. Tembeeni Main Street. Yale majengo ya wafanyabiashara wa Kihindi ya mwanzoni mwa karne ya 20, mengine yakiwa na mwaka wa kujengwa umeandikwa kwenye paji lake, yalikuwa na duka mbele, familia juu au nyuma, ua wa kupikia na kufulia, na mbele kabisa varanda inayoungana na varanda ya jirani hata mtu akatembea mbali bila kunyeshewa. Wenyewe wengi walifukuzwa mwaka 1972, majengo yakabadilisha mikono na matumizi mara kadhaa, na bado yanafanya kazi. Mimi hupenda kusimama pale mvua ya alasiri ikianza. Barabara nzima hujibanza chini ya varanda, na katika dakika hizo kumi watu hununua vitu ambavyo hawakutoka nyumbani kuvinunua. Ile varanda ni ardhi ya mwenye duka aliyoitoa kwa wapita njia, nayo humrudishia. Watu wa pwani wameijua siri hii siku nyingi, ndiyo maana nyumba ya Lamu au Unguja ina baraza la kukalia nje ya mlango.

Varanda yako inatazama magharibi, kwa hiyo inahitaji hesabu ya ziada. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua la mchana liko utosini, na ukuta wa kaskazini au wa kusini unatosheka na paa lililotokeza kidogo. Magharibi ni habari nyingine, maana jua linakuja limeinama. Kule Busia, miezi ya Machi na Septemba, saa kumi alasiri jua liko kiasi cha nyuzi 40 juu ya upeo. Varanda yenye kina cha mita 2.4 itashusha kivuli kama mita mbili tu ukutani, na saa kumi na moja itashusha mita moja na kidogo. Huo ndio wakati wa biashara kubwa, watu wanatoka kazini. Basi ning'iniza kitu kwenye ukingo wa nje, kutoka juu hadi usawa wa kichwa: mbao nyembamba, mianzi, hata matofali yenye matundu kwa ghorofa za juu. Usipofanya hivyo, wenye maduka watatundika maturubai ya kampuni za simu siku ya pili, na sura uliyoichora kwa miezi mitatu hutaiona tena.

Ukumbi umenichukua muda kuufikiria, kwa sababu hauna jibu lisilo na gharama. Kuuweka ghorofa ya kati usikufikirie kabisa. Kwa viwango vya Uingereza ambavyo wahandisi wetu wengi wamevizoea, sakafu ya makazi huhesabiwa kubeba kiasi cha kilo 150 kwa mita ya mraba, ya mkusanyiko usio na viti vya kudumu kilo 500. Ukumbi wa mita 8 kwa 12 ni tani 48 badala ya 14, nao hautaki nguzo katikati. Ukiuweka juu ya maduka unalipia boriti nene, ukiweka vyumba juu yake unalipia tena. Kuuweka juu kabisa kuna mantiki: paa jepesi, hakuna mzigo juu yake, upepo mzuri. Lakini waza harusi imekwisha saa sita usiku, watu 150 wanashuka kwenye ngazi za wapangaji wenye watoto waliolala, na kabla ya hapo sufuria za pilau zimepandishwa ghorofa mbili.

Mimi ningeuweka chini, nyuma, ukifunguka kwenye ua, ukiwa jengo la sakafu moja lenye paa lake jepesi. Sehemu ya nyuma ndiyo dhaifu zaidi kwa maduka, kwa hiyo hasara ni ndogo. Milango ikifunguliwa, ua na ukumbi huwa kitu kimoja na watu huongezeka bila kuongeza jengo. Ubaya wake ni kelele: vyumba vyote vya juu vinavyotazama ua vitasikia muziki. Hilo halitatuliwi na ukuta peke yake, linahitaji saa ya kufunga iliyoandikwa kwenye mkataba wa kila mpangaji na wa kila mkodishaji ukumbi. Chumba cha watoto kikae kando ya ukumbi, mlango mmoja tu unaoonekana toka ofisi ya SACCO, na choo chake chenyewe.

Paa la ukumbi usilifanye mabati matupu. Mvua yetu ikinyesha juu ya bati hakuna mkutano unaoendelea, mwenyekiti atapiga kelele mpaka achoke. Weka dari, na kati ya dari na bati acha nafasi ya hewa kupita, joto litoke. Francis Kéré wa Burkina Faso alifanya hivyo katika shule ya kijijini kwao Gando mwaka 2001, dari ya matofali na bati limeinuliwa juu yake, na mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker. Alikuwa bado mwanafunzi alipoianza, na waliomjengea walikuwa watu wa kwao. Kisha ukinge maji: ukichukulia mvua ya milimita 1,000 tu kwa mwaka, mita za mraba 96 za bati, na ukitoa sehemu moja ya tano inayopotea, unapata kama lita 77,000. Kituo cha sanaa cha Bidi Bidi, kwenye makazi ya wakimbizi kule Yumbe, kilichokamilika 2023, paa lake lilichorwa tangu mwanzo likusanye maji ya mvua kwa ajili ya watu wa pale. Nenda ukakione ukipata nafasi, utajifunza pia jinsi walivyotumia matofali ya udongo yaliyoshindiliwa badala ya ya kuchoma, ambayo yanamaliza kuni zetu.

Jambo moja ambalo vijana wengi hulisahau mpaka choo cha kwanza kifurike: gari la kunyonya maji taka litapita wapi? Nimeona shimo limechimbwa nyuma kabisa, halafu jengo likajengwa ukuta hadi ukuta. Lilipojaa, uchafu ulibebwa kwa ndoo kupitia korido ya maduka. Weka shimo mahali ambapo mpira wa gari unafika, na vyoo vya ghorofa zote vipandane mstari mmoja ili bomba lishuke wima. Choo kisikae juu ya duka la chakula hata kama ramani inakusihi.

Sasa ule mkutano wako. Hukukosea kuuitisha, ila ulitarajia ufanye kazi ambayo mikutano haiwezi. Ukimuuliza mtu mbele ya mwenyekiti anataka nini, atasema kinachofaa kusemwa mbele ya mwenyekiti. Badala yake nenda ukakae. Siku moja tangu alfajiri saa kumi na moja, siku nyingine mchana wa jua kali, siku nyingine hadi saa tatu usiku. Andika nani anapita, amebeba nini, watoto wako wapi, maji yanatoka wapi, nani anakaa kivuli gani. Kisha zungumza na mmoja mmoja, na usiulize unataka nini. Uliza jana ulifanya nini, tangu ulipoamka. Mama atakuambia kwamba saa nane alimfungia mtoto kwenye kibanda akakimbia kuvuka mpaka. Hapo umejua chumba cha watoto kiwe na saa zipi, na mlango wake utazame wapi, bila mtu yeyote kukutungia hoja.

Ukishapata mchoro wa kwanza, chukua kamba na vigingi ukauchore kwenye ploti yenyewe kwa ukubwa wake halisi. Wengi wanaoafiki ramani mezani hawajaisoma, wameheshimu karatasi. Wakisimama ndani ya kamba ya duka la mita tatu wakaona meza na mteja vinakaaje, na wakatembea kutoka barabarani hadi kwenye ukumbi, utasikia maoni ambayo hukuyapata kwenye mkutano. Akina mama walionyamaza huongea wakishika kamba. Hapo hapo, kwa kila chumba cha pamoja, jazeni kitabu: nani anafungua, saa ngapi, nani anafagia, nani analipia maji na umeme, kodi gani inamlipa. Mahali ambapo hapapati jina la mtu, punguzeni au ondoeni. Kama ni ukumbi, basi ni ukumbi.

Kuhusu umri wako na kuwa binti yao, nakuelewa, na sitakudanganya kwamba haina uzito. Tumia mlango ulio wazi. Mama yako asiwe mtetezi wako ndani ya kamati, itaonekana ni mambo ya nyumbani. Omba msanifu unayefanya kazi chini yake aje Busia mara moja, akutambulishe kwamba wewe ndiwe unayeshika mradi, na aeleze kwamba saini ni yake. Hilo si heshima tu. Kwa Sheria ya Usajili wa Wasanifu Majengo ya 1996 wewe bado huruhusiwi kujitegemea, na mchoro bila saini ya aliyesajiliwa haukubaliki. Malipo nayo yaandikwe, hata yakiwa madogo. Kazi ya bure kwa ndugu hubadilishwa kila Jumapili baada ya chakula.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatatua, yanahitaji mtu asimame pale. Hati ya ardhi iwe kwa jina la SACCO iliyosajiliwa, si kwa jina la mwenyekiti au wanachama watatu. Muoneni wakili na mpimaji wa ardhi kabla ya kuchora mstari wa mwisho, na mawe ya mpaka yaonekane. Mhandisi wa miundo aliyesajiliwa achimbe mashimo ya kupima udongo, maana msingi hauchorwi kwa kukisia. Kibali cha ujenzi kipatikane kwenye kamati ya majengo ya mji kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, na mwishoni kibali cha kutumia jengo. Wakitaka kujenga kwa awamu, chini kwanza, juu pesa zikipatikana, ni busara, lakini msingi na nguzo zihesabiwe tangu leo kwa ghorofa zote mbili na idadi hiyo iandikwe kwenye michoro. Zile nondo zinazochomoza juu ya paa kila mji wetu humshawishi mwenye jengo aongeze ghorofa ya tatu, ya nne. Siku utakaposikia wazo hilo, au fundi akitaka kutoa mbao za slabu baada ya wiki moja, wakati zege hupimwa nguvu yake kwa siku 28, simamisha kazi na mwite mhandisi siku hiyo hiyo, usingoje kikao.

Kwa sasa iache sura ya mbele. Rudi kwa kamati na mkato mmoja, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limepasuliwa kutoka barabarani hadi nyuma: varanda, duka, ngazi, ua, ukumbi, shimo la maji taka, na jua la saa kumi na moja likiingia kutoka kushoto. Pembeni mwake weka ile hesabu ya kodi, na uwaachie kalamu wajaze bei za Busia wenyewe.